Kifua Kikuu cha Pua

Mjomba wangu ni fundi viatu. Watu humwita Gundi, kwa sababu akilishika neno haliachi.

Pembeni ya pua yake palitoka kidonda chekundu kikawa kinatambaa polepole kama kuvu ukutani. Alikipaka dawa ya fangasi, dawa ya chunusi, hata kiwi, eti angalau king'ae. Kidonda kikafika ukingo wa tundu la pua.

Nikambeba mwanangu mgongoni, nikampeleka mjomba hospitali. Daktari wa ngozi akamkata kinyama kidogo cha kupima. Tuliporudi kuchukua majibu akasema, "Mzee, hiki ni kifua kikuu."

Mjomba akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Hapana, mzee. Ni cha ngozi. Kipo hapo puani."

"Kifua changu kiko puani?"

"Ndiyo. Hutokea kwa nadra. Usipomeza dawa, pua itaisha."

Kwenye dirisha la kifua kikuu, nesi akampa kikopo. "Kohoa humo."

"Mimi sikohoi, mwanangu. Naumwa pua."

"Pua ni dirisha lile."

Kwenye dirisha lile wakasoma karatasi ya daktari. "Mbona hiki ni kifua?"

Tulikwenda na kurudi mpaka mwanangu akalala, akaamka, akalala tena. Mwisho daktari alikuja mwenyewe, akatupatia vidonge vya miezi sita.

Nyumbani mjomba akavigomea. "Dawa ya kifua itakwenda kifuani. Pua iko juu. Itapandaje?"

"Inatembea na damu, mjomba."

"Damu nayo inashuka. Hujaona mtu akijikata?"

Niliitazama ile pua yake inavyoliwa, nikaona kubishana ni kupoteza pua. "Basi ukishameza, lala chini, miguu uipandishe ukutani. Itateremka puani yenyewe."

Akafikiri. "Sasa hapo umesema."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alilala kibandani katikati ya viatu, wateja wakiongea na nyayo zake. Mwanangu naye alilala ubavuni mwake, vimiguu juu. Nesi alipokuja kumkagua alisimama mlangoni, akazitazama nyayo nne ukutani.

"Amemeza?" akaniuliza.

"Amemeza."

"Basi mwache."

Kidonda kilikauka, kikaacha kovu. Pua ipo. Siku ya kumaliza dawa, mjomba alimkuta kwenye benchi la hospitali mgonjwa wa kifua chenyewe, anakohoa kwa taabu. Akamshika bega kwa huruma.

"Una bahati, ndugu yangu," akamwambia. "Wewe unameza umekaa."