Uji Unaododesha Biashara

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Moshi na gunia la ndizi za mtori, dumu la maziwa ya ng'ombe na mipango yake juu ya tumbo la mwanangu. Mtoto alikuwa bado mchanga kabisa. Sijamaliza hata shikamoo, ameshauliza maji ya mtoto yako wapi.

Maji ya mtoto hayakuwepo. Nesi wa kliniki alitukalisha mimi na mume wangu, akatueleza: nimeze vidonge vyangu bila kuruka, mtoto apewe matone yake ya dawa kila siku, na kwa miezi sita anyonye ziwa langu tu, hata maji asionje. Tukifanya hivyo, virusi vya UKIMWI nilivyonavyo vina nafasi ndogo sana ya kumpata.

Mama mkwe hakutakiwa kujua. Ni mwema, ila ana ndugu wenye maduka Kariakoo nzima, na ukimnong'oneza jambo asubuhi, mchana unalikuta sokoni limekutangulia. Vidonge nilimwambia ni vya kuongeza damu. Akanisifu kwa kuvimeza bila kusukumwa.

Siku chache baadaye nikamkuta jikoni anakoroga uji mwepesi. Eti mtoto analia njaa, maziwa yangu mepesi. Mume wangu, ambaye dukani anabishana na wateja kutwa nzima, alikuwa amezama kwenye simu kama haoni. Nilitamani kuutupa uji na sufuria yake dirishani, kutoka ghorofa ya tatu, mtaa wetu wa Mchafukoge wote wapishe.

Badala yake nikatunga uongo. Nikamwambia kwetu kusini mtoto akionjeshwa kitu kabla ya miezi sita, akikua hana bahati ya biashara. Chochote atakachoshika kitadoda. Hata auze sare za shule mwezi wa Januari.

Akaacha kukoroga. Ukoo ule wanaishi kwa kuuza. Ungewaambia mtoto atakuwa kiziwi wangekuuliza kama ataweza kukaa kaunta.

Lakini si mjinga. Akampigia mama yangu Masasi, akaweka spika, macho kwangu. Mama alikuwa anaijua hali yangu. Huo mwiko alikuwa anausikia kwa mara ya kwanza.

"Ni kweli, mkwe," mama akasema. "Kaka yangu alionjeshwa. Mpaka leo anauza korosho, watu wanazipita tu."

Mjomba wangu ni fundi cherehani na ana wateja tele.

Uji aliunywa mume wangu, wote, mama yake kamsimamia. Nikaona haki imetendeka.

Tangu hapo bibi akawa mlinzi. Wifi yangu alitoka kwenye mitumba yake Mchikichini na chupa ya maji ya glukosi, akisema mtoto ana kiu na joto hili. Mama mkwe akampokonya mlangoni.

"Wewe unataka ukoo ufilisike?"

Nilicheka nimefunika uso kwa mto, kisha nikashikwa na hasira ambayo bado sijaimaliza. Nesi anawaambia wamama wote miezi sita ziwa tu, mwenye virusi na asiye navyo, na hawamsikilizi. Kuugua hakukuwatisha. Kudoda ndiko kuliwatisha.

Kipimo cha mwisho kilikuja mtoto ameshaachishwa ziwa, anakimbia. Bibi yake alikuwa ameshuka tena Dar kufuata mzigo, akang'ang'ania kutusindikiza kliniki. Nikamwambia ni kipimo cha damu tu, nikamwacha kwenye benchi.

Ndani, nesi alifungua majibu taratibu mpaka nikataka kumnyang'anya. Akasema mtoto hana virusi. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikakaa sakafuni na mtoto mapajani, yeye anavuta hereni yangu.

Nilipotoka, mama mkwe alikuwa amezungukwa na wamama wenye vichanga, anawafundisha mwiko wa watu wa kusini. Alikuwa ameshauongezea: sasa hata maji ya kunywa yanafunga milango ya duka. Mmoja alikuwa anairudisha chupa kwenye mkoba. Sikumsahihisha.

Akaniona nina machozi, akasimama.

"Wamesemaje, mwanangu?"

Nikamkabidhi mjukuu wake.

"Atauza, mama."