Kengele Tatu Kwenye Lifti

Wiki jana nilikwama kwenye lifti ya jengo moja hapa Eldoret, pamoja na mzee mmoja aliyewahi kuendesha winchi ya kuteremsha wachimbaji mgodini. Nilibonyeza kila kitufe. Yeye aligonga ukuta mara tatu kwa kidole.

"Mzee, unaita nani?"

"Zamani kengele tatu zilimwambia mtu wa winchi kwamba amebeba watu, si mawe. Naye alijibu kwa tatu."

Juu yetu kukagongwa mara tatu, polepole. Lifti ikapanda.

Mlango ulipofunguka, nilimuuliza askari wa jengo ni nani aliyegonga huko juu. Alinicheka. "Huko juu hakuna mtu, boss. Hii inaendeshwa na kompyuta."

Mzee alivua kofia, akatazama dari. "Asante sana," akasema.

Wanaosifu kompyuta waniambie ilifundishwa kugonga na nani.