Bismillahi Juu ya Ng'ombe wa Mama Furaha

Nakumbuka, mwanangu, alasiri ya mwisho ya mwaka mmoja wa Kiislamu, hapa Bunia, wakati wa vita. Baba mkwe wangu alitandika mkeka sebuleni, akatuita sote, akafunga mlango. Nyinyi siku hizi mwaka wa Hijra ukiingia mnatumiana picha za mwezi kwenye simu. Hata mimi mnanitumia, nashukuru. Kwetu ilikuwa kikao cha kujihesabu, kila mtu kwa zamu yake. Mzee alitufundisha kwamba dhambi iliyo kati yako na Mola wako usiitangaze, itubie kimya kimya. Lakini haki ya mtu itaje, kisha inuka ukamrudishie mwenyewe. Mimi nilikuwa bado bibi arusi, nikitaja vijambo vidogo: nimemsengenya fulani, nimekaa na sufuria ya jirani.

Mzee alikuwa mchinjaji. Hapa kwetu watu wa dini zote hupenda ng'ombe achinjwe na Mwislamu, ili kila mtu anunue nyama bila wasiwasi, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa yake. Ujira wake ulikuwa kichwa na matumbo. Kabla ya vita, wenye ng'ombe waliwaleta wenyewe kutoka milima ya Djugu, na alimjua kila mwenye mali kwa alama aliyokata kwenye masikio ya wanyama wake. Vita vilipokuja, ng'ombe wakaanza kuletwa na vijana wenye bunduki. Alama za masikio zilikuwa zile zile. Mzee alizitambua, akanyamaza, akamlaza ng'ombe kuelekea kibla, akasema Bismillahi, akachinja. Mtaa wetu wote wa Shari ulikuwa unakula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, na sisi tulikuwa na supu. Niliipika mimi. Sitakudanganya, ilikuwa tamu.

Siku ile, zamu ya mzee ilipofika, alishika ncha ya mkeka mpaka mama mkwe akakohoa. Ndipo akasema, "Nimechinja ngombe ya Mama Furaha. Masikio yake nayajua tangu zamani."

Mama Furaha alikuwa mjane Mkristo aliyemuuzia ng'ombe miaka yote ya amani. Kila Idi alimtuma kijana wake wa mwisho, Bahati, atuletee maziwa, na Bahati alikuwa haondoki mpaka ale pilau.

Mama mkwe akamwambia, "Lakini weye haukuiba. Wale ya bunduki njo waliiba. Weye ulisema tu Bismillahi."

"Njo hiyo inaniogopesha," mzee akajibu. "Wale waliiba na jina yao. Mimi niliweka pale jina ya Mungu."

Akasema kwamba kuanzia kesho hatachinja ng'ombe wa kuporwa. Sote tulijua maana yake, kwa sababu siku zile mtu aliuawa kwa neno dogo kuliko hilo. Mume wangu alimsihi sana. Mimi nililia, na nakuambia ukweli, machozi mengine yalikuwa ya ile supu.

Asubuhi ya Muharram mosi vijana wa bunduki wakaja, wakamvuta ng'ombe mpaka uani kwetu. Mzee akamshika sikio, akalitazama.

"Hii ngombe iko ya nani?"

"Iko ya mutu ya bunduki," kijana mmoja akajibu, na wenzake wakacheka.

"Basi mutu ya bunduki amuchinje yeye mwenyewe."

Walimpiga kwa vitako vya bunduki mbele yetu, wakamvunja mkono wa kulia. Walimwacha hai, sijui kwa nini. Mkono ule ulipona umepinda, na hakushika kisu tena. Tukaanza kula sombe kama wenzetu, na tukafikiri yameisha.

Mzee hakufikiri hivyo. Alipopata nguvu ya kutembea aliniomba nimsindikize kwenye kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, kwa kuwa alisikia Mama Furaha yuko huko. Nilimvuta mbuzi wetu wa pekee, awe fidia ya ng'ombe. Tulimkuta mama yule chini ya turubai, amekonda, anachambua maharage. Mzee alichuchumaa chini, akamweleza yote bila kujitetea, akaomba amuachie haki yake.

Mama Furaha hakuacha kuchambua. "Ngombe nakuachia, Muzee," akasema. "Na mbuzi rudisha, muko na watoto. Lakini Bahati njo alikuwa anachunga ile ngombe. Walimuulia palepale, kisha wakaichukua. Hiyo siwezi kukuachia miye. Utamuuliza yeye mwenyewe, mbele ya Mungu."

Mzee hakuwa na habari ya kifo cha Bahati. Alikuwa ametazama masikio ya ng'ombe, hakuwahi kuuliza mchungaji yuko wapi. Tulirudi nyumbani na mbuzi wetu. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Kila mwisho wa mwaka, zamu yake ikifika mkekani, alitaja jina la Bahati tu, akainamisha kichwa. Amekufa hivyo. Imamu aliniambia rehema ya Mungu ni pana, na ninaamini. Lakini nikimkumbuka baba mkwe wangu naumia, kwa sababu alikuwa mtu mwema, na alichelewa.

Mwanangu, usingoje Muharram ndipo ujihesabu. Vita havijatuacha, na mjini bado kuna mabati, pikipiki na dhahabu zinazouzwa rahisi mno. Kabla hujasema Bismillahi juu ya kitu, uliza mwenyewe yuko wapi. Ukiambiwa amekimbia, kiache. Kama umeshakila, mtafute angali hai, uende kwa miguu yako, usitume mtu wala ujumbe wa simu. Akikataa kukusamehe, usimkasirikie. Rudi nyumbani, umwombee.

Mungu akuingize mwaka huu kwa amani, akulishe kilicho chako, akuhifadhie mikono yako. Na siku utakayosimama mbele yake, asiwepo pale hata mtu mmoja aliyekuwa akikungoja. Amina.