Gari la Harusi Nililolinunua kwa Picha

Haya, chekeni sasa mmalize kabisa, maana nikishaanza sitaki kukatizwa, na aibu yenyewe hata leo nikiikumbuka masikio yanawaka moto.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu Nyaramba. Kemunto, binti wa kaka yangu Nyakundi, alikuwa anaolewa, na mdomo wangu (huu huu) ukasema mbele ya kamati ya harusi kwamba bibi harusi hatapanda pikapu ya kubebea majani chai, mimi baba yake mdogo nitaleta gari la kizamani, lile lenye taa za mviringo kama macho ya bundi. Nilikuwa nimeliona gazetini, kapicha kadogo kama stempu. Ningepanda basi niende Nairobi nikalitazame, lakini chai ilikuwa imekomaa shambani, nikajiambia picha haidanganyi, nikapiga simu kutoka posta ya Nyamira, mwenye gari ana sauti tamu kama mchungaji, nikatuma pesa.

Gari likafika Ijumaa, mgongoni mwa lori. Dereva akasema mwenyewe hakutaka lishike vumbi njiani, na mimi (mjinga) nikafurahi. Mke wangu akalizunguka, akaniuliza polepole, "Baba Ombati, gari linalobebwa, litambeba nani?"

Nikamwambia aache maneno. Nikaliwasha, nikalizungusha uwanjani, likanguruma vizuri.

Jumapili tukatoka, Kemunto na kaka nyuma, mimi kwenye usukani na tai shingoni. Mpaka pale juu kilimani mambo yalikuwa sawa. Tulipoanza kuteremka kuelekea kanisani nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga matope. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Nikavuta breki ya mkono, ikaja yote, nyepesi kama kijiti.

"Mbona unakimbiza hivi?" kaka akauliza.

"Breki hakuna."

Nikamsikia anaomba kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa sauti, mtu ambaye hata chakula huombea kimoyomoyo.

Chini, katikati ya barabara, kwaya ya akina mama ilikuwa imejipanga kutupokea, watoto mbele na maua. Nikabonyeza honi. Kimya. Kemunto akatoa kichwa dirishani, shela inapepea, anapunga mikono yote miwili, "Tokeni! Tokeni barabarani!" na wale akina mama, wakiona bibi harusi mwenye furaha namna hiyo, wakapiga vigelegele na kupunga pia, na mmoja akamsukuma mtoto wake mbele aone vizuri.

Yule mtoto nilimwona mpaka vifungo vya shati. Nikakata usukani kushoto, tukaingia kwenye shamba la ndizi la kanisa, migomba ikaanguka pwaa, pwaa, pwaa, mpaka gari likazimika na mkungu mzima juu ya boneti.

Hakuna aliyeumia. Lakini milango ikakataa kufunguka, wazee wa kanisa wakamvuta bibi harusi dirishani kama gunia, na gauni jeupe likawa limejaa utomvu wa migomba (na mnajua utomvu ule hautoki). Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe wake akaja, akalitazama gauni, akafungua leso yake kiunoni akamfunga Kemunto. "Twende, mwanangu. Wewe ni mzima, hilo linatosha."

Mimi nilibaki ndani, tumbo halipiti dirishani, watoto wamenizunguka kama sinema. Kemunto alipofika mlango wa kanisa akageuka, akaniita baba kwa lugha yetu, umati wote ukisikia, "Tata, njoo! Lakini njoo kwa miguu!"

Wakaangua kicheko hata mchungaji.

Tangu siku ile sinunui kitu kwa kuambiwa. Hata kuku pale soko la Nyakoe namshika miguu, nampuliza manyoya, namwachia atembee kidogo nimwone anavyosimama, na muuzaji akikasirika, na akasirike.