Siku Niliyokataa Kuonja Nyanya Zangu

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa na miaka kumi, na ndio mwaka baba alikufa, mimi nikatoka shule darasa la pili nikaenda kuchunga mbuzi za watu, na tangu hapo kila kitu nilicho nacho nimekipata kwa hii mikono miwili, hakuna mjomba, hakuna mheshimiwa, hakuna mtu aliyenipigia simu mahali. Naanza na hapo kwa sababu nataka mjue mimi ni mtu wa namna gani kabla sijawaambia vile nililala kifudifudi juu ya nyanya katikati ya soko, suti imeloa, mbuzi wananikanyaga, na mke wa watu analia. Aibu ninayo mpaka leo. Hata kuandika hii nimefunga mlango.

Nilishuka kutoka milima ya Meru nikiwa kijana, nikafika huku Rapsu, nchi kavu ya Waborana, nikalima shamba la mtu, halafu nusu ekari yangu, halafu ekari. Huku sisi wakulima wa mfereji na Waborana wenye mifugo tunalishana kwa zamu. Mvua ikinyesha, nyasi inaota, maziwa yanakuwa mengi na nyanya zetu zinaoza zikiwa shambani. Kiangazi kikija, mifugo inaenda mbali, maziwa yanakuwa ya kutafuta, na sisi wenye maji ya mfereji ndio tuna kitu kibichi cha kuweka kwa sufuria. Kwa hivyo pale sokoni, kila Jumatano, mama wa maziwa na mkulima wa nyanya wanajuana kama mashemeji. Na kuna desturi moja, sijui nani aliianzisha, mimi niliikuta. Siku ya kwanza ya msimu, mwenye mali anaonja kwanza. Mama wa maziwa anafungua kibuyu, anamimina kwa kifuniko, anakunywa ukimwona. Wewe wa nyanya unachaguliwa moja (sio wewe unachagua, ni yeye), unaiuma, unameza. Basi. Baada ya hapo hakuna mtu anauliza mwenzake kitu mpaka msimu mwingine.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa hilo soko, miaka minane, na ile sheria ya dawa ni mimi niliipitisha, kwamba ukipiga dawa ya wadudu unangoja siku saba ndio uvune. Niliipitisha na mdomo mkali. Mwaka uliotangulia nilimkamata jirani yangu Kinoti amevuna sukuma wiki siku ya nne, nikamwaga mzigo wote kwa shimo la takataka watu wakitazama, nikamwambia, "Wewe unataka kuua watu kwa sababu ya haraka yako." Kinoti alikunja gunia lake vizuri akaenda.

Sasa sikieni nilichofanya mimi. Msimu huo nyanya zangu zilianza kuiva kabla ya za mtu mwingine, vile huwa (mimi najua kulima, sijisifu, uliza mtu yeyote), na nyanya ya kwanza ya msimu pale sokoni ilikuwa yangu miaka kumi na moja mfululizo. Jumatatu asubuhi nikaona viwavi wametoboa. Nikabeba pampu mgongoni nikapiga dawa shamba lote. Mke wangu, Mama Mwenda, akaniuliza, "Kwa hivyo Jumatano hii hatuendi?" Nikamwambia hatuendi, na nilikuwa nasema kweli. Lakini Jumanne jioni nikapita kando ya shamba la Kinoti, nikaona zake pia zimekuwa nyekundu, na yeye anapanga kreti pale kando ya mfereji huku anapiga mluzi. Huo mluzi ndio ulinimaliza.

Nikarudi, nikavuna kreti tatu. Mama Mwenda akasimama mlangoni. "Na dawa?"

"Nitaziosha."

Na niliziosha, msifikiri sikuziosha, niliziosha kwa beseni na sabuni ya unga ya kufulia, mara mbili, nikazisuuza, nikazifuta moja moja na shuka ya zamani, kazi ambayo mwanaume wa umri wangu hafanyi kama dhamiri yake imetulia. Zikang'aa ajabu. Mama Mwenda akasema tu, "Hizo mimi siuzi," na kweli asubuhi alibaki nyumbani.

Mtaniuliza, na kuonja je? Nilifikiria. Nikajiambia mteja wangu wa kwanza kila msimu ni Mama Kabale, tumejuana tangu tukiwa na meno yote, nitamchekesha kidogo na itapita.

Nikavaa suti yangu ya kahawia, ile ya mikutano, nikapanga nyanya mezani, na watu wakaanza kuja kuzitazama tu, bila kununua, vile zilikuwa zinang'aa. Kinoti alikuwa meza ya pili. "Habari ya mwenyekiti. Naona leo pia umetushinda."

"Si ni kawaida," nikasema.

Saa tatu Mama Kabale akafika na kibuyu chake, na nyuma yake mke wa mtoto wake, Dahabo, mimba ya kwanza, tumbo limetangulia.

"Salaam aleikum, Baba Mwenda."

"Aleikum salaam, mama. Naona mnaongezeka."

"Tunaongezeka. Lakini huyu wiki yote hali kitu. Ni nyanya tu anataka. Nimemwambia za watu wengine hapana, angoje za Baba Mwenda, hizo ndizo safi."

Kwa hilo neno safi nikazipanga upya nyanya zilizokuwa zimepangwa. Mama Kabale akamimina maziwa kwa kifuniko, akanywa, akapangusa mdomo na ushungi, akachagua nyanya moja kubwa akanipa. "Haya. Zamu yako."

"Leo nimefunga," nikasema.

"Umefunga nini?"

"Ya kanisa. Maombi."

Kinoti akasema bila kuinua kichwa, "Maombi ya saa ngapi, mwenyekiti? Saa moja si tulikuwa wote kwa kibanda cha chai, ukala mandazi nne."

"Nimefunga baada ya mandazi."

Nilisema hivyo, mbele ya watu, mtu mzima. Wakacheka, na mtu akicheka sokoni wengine wanakuja kuona kuna nini, kwa hivyo badala ya watu watano sasa walikuwa kama ishirini, na mimi nimeshika nyanya. Nikasema ukweli ni jino, jino linanisumbua, nikashika shavu.

"Hilo la upande huo si uling'oa mwaka jana?" Mama Kabale akauliza. (Watu wa huku wanakuhesabia hata meno.) Nikahamisha mkono kwa shavu lile lingine. Yeye akanyoosha mkono, akachukua ile nyanya, akainusa.

"Baba Mwenda, mbona hii inanuka kama nguo?"

"Ni suti yangu. Imefuliwa jana."

Akanitazama. Akatoa kisu kidogo kwa kikapu chake, akaikata vipande vyembamba juu ya meza, kwa upole, vile unamkatia mgonjwa. "Hii hata asiye na jino anameza."

Hapo ningesema ukweli. Ilikuwa maneno matatu, nimepiga dawa juzi, na yangeisha kwa kicheko na aibu ndogo. Badala yake nikaanza hotuba. Nilishika kipande changu juu kama mtu anabariki ndoa, nikaongea habari ya usafi wa soko, na mfereji, na vile Wameru na Waborana tumekula sahani moja miaka yote hii, na nilikuwa naendelea vizuri, jasho linashuka mgongoni lakini maneno yanakuja, na Dahabo, ambaye alikuwa amechoka kungoja wazee, akachukua kipande kimoja pale mezani akakipeleka mdomoni.

Nikampiga mkono.

Sio kusukuma, ni kupiga, watu walisikia. Kile kipande kikaanguka vumbini, na Dahabo akashika mkono wake akanitazama, halafu machozi. Mjue kwamba huku kumgusa mke wa mtu ni kesi, na huyu ana mimba, na ni Mborana, na mimi ni Mmeru, na jambo kama hilo halilali kwa mtu mmoja, linaamka likiwa la watu wote. Vijana wawili upande wa mbuzi walikuwa tayari wameshika fimbo zao wanakuja.

"Umempiga mke wa mtoto wangu," Mama Kabale akasema, polepole, kama anajaribu kama hayo maneno yanaingiana.

"Ina dawa," nikasema. "Nilipiga juzi. Jumatatu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimgeukia Dahabo, akamshika taya. "Fungua mdomo. Umemeza?" Dahabo akatikisa kichwa, kwamba ilifika kwa ulimi tu. Mama Kabale akachukua kile kibuyu, maziwa ya kiangazi, maziwa aliyokuwa ameyabeba kutoka alfajiri, akamwambia asukutue na ateme, asukutue na ateme, na yote ikaishia kwa vumbi.

Mimi sasa nikataka kuonyesha nimetubu, na hapo ndipo nikaharibu kabisa. Nikashika meza nikaipindua, kreti zote tatu. Nilidhani nyanya zitalala hapo chini, watu waone. Zikabingirika. Na mbuzi wa kuuzwa wako hatua kumi kutoka hapo, na kiangazi mbuzi haulizwi mara mbili. Walikata kamba. Nikakumbuka dawa, nikaona mbuzi thelathini za watu zinakufa kwa mkono wangu, na mimi mwenyekiti nikajitupa chini juu ya nyanya, nikatandaza mikono, nikafungua koti nifunike nyingi zaidi, nikipiga kelele, "Shikeni mbuzi, shikeni mbuzi." Ukwato ukapita mgongoni. Maji ya nyanya yakaingia suruali mpaka ndani. Wale vijana wa fimbo, waliokuwa wanakuja kunichapa, ikabidi wageuke wachape mbuzi.

Mtu akaniinamia. Ilikuwa Kinoti, ameshika mbuzi wawili kwa pembe.

"Inuka, mzee," akasema. "Tumezishika."

Nilingoja aongeze kitu. Akawakabidhi wale mbuzi kwa mwenyewe. Akachukua jembe akaanza kusukuma nyanya zangu kwa lile shimo la takataka.

Dahabo alipelekwa dispensari na mimi nikaenda nyuma yao kwa miguu, na hiyo suti, watoto wakidhani ni damu. Muuguzi akasema hajameza kitu, lakini waangalie. Waangalie mpaka lini? Zilikuwa zimebaki wiki sita ajifungue. Hizo wiki sita sikulala usingizi wa mtu mzima. Kila mara nikisikia pikipiki inatoka upande wao nilitoka nje nikasimama kwa njia, na Mama Mwenda ananiambia ingia ndani, na mimi siingii. Uenyekiti niliuacha mwenyewe Jumatano iliyofuata, kabla hawajaniomba.

Alizaa msichana, mzima, analia kwa nguvu. Ndipo nikanunua buni za kahawa, sukari, tumbaku na samli, vile Waborana hupelekewa na mtu aliyekosa, nikaenda kwao na wazee wawili, nikakaa chini. Buni zikakaangwa kwa samli, wakala, wakaniombea. Mume wa Dahabo akanipa mkono. Dahabo akatoka nje na mtoto, akanisalimia kwa mbali, na huo umbali nilikubali ni haki yake.

Mama Kabale akaongea mwisho. "Wewe hutaonja siku ya kwanza peke yake, kama wengine," akasema. "Wewe utaonja kila Jumatano, mpaka mmoja wetu afe." Nikasema ni sawa, na nikaapa, na sijavunja.

Leo nina ekari tatu zenye maji. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, mabati yake hayavuji. Nina pampu moja ya petroli ya kuvuta maji, ng'ombe wawili, mbuzi kumi na sita, punda na mkokoteni wake. Suti sina. Kiti cha mwenyekiti sina. Nina meza ile ile sokoni, karibu na Kinoti, na nina mteja mmoja ambaye kila Jumatano saa tatu anasimama mbele yangu na kibuyu chake, ananitazama koo mpaka nimeze.