Maziwa Katika Chungu cha Bibi wa Kiyahudi

Mjukuu wangu anasomea upadri, na nnavyojivuna naye majirani wananikimbia. Likizo iliyopita aliniuliza sisi Wakristo na Wayahudi tunaachana wapi. Yeye na vitabu vyake vyote, aniulize mimi niliyetoka shule nikijua kuandika jina langu tu! Nikamwambia, tunaachana chunguni.

Miaka ya hamsini, kabla sijazaa, nilimpikia bibi mmoja wa Kiyahudi, mjane aliyezaliwa Aden, akikaa ghorofani kule Kiponda, mjini. Wenziwe wa dini hawakutosha kujaza mkeka. Mie nikitoka kwetu Ng'ambo asubuhi na msalaba wangu shingoni, na kutwa tunabishana.

"Masihi wenu keshakuja," ataniambia, "mbona wewe bado wapanda ngazi na ndoo kichwani?"

"Na wako hajaja, Bibi, ndiyo maana huna wa kukuchotea maji ila mie."

Atacheka mpaka akohoe. Ibrahimu tulikuwa naye sote, na Musa, na Zaburi. Yeye akiziimba kwa Kiebrania huku akichagua mchele, mie nikizijua kwa Kiswahili.

Jikoni ndiko hakuwa na mzaha. Nyama na maziwa havikutani, wala vyombo vyake havichanganywi. Torati, alisema, imekataza kumpika mwana-mbuzi kwa maziwa ya mamake. Tui aliliruhusu. "Mnazi haunyonyeshi," akasema. Basi kila Ijumaa nampikia nyama ya mbuzi kwa tui, na lazima iive kabla jua halijatua, maana likishatua ni Sabato, moto hauguswi.

Ijumaa moja ya masika nilichelewa. Nikavunja nazi, imeoza. Nyingine sina. Jua linashuka, mvua inanyesha, sokoni Darajani siwahi. Kwenye rafu ya chini kuna maziwa ya chai yake, kaleta muuzaji wa Bububu. Nikatazama mlango. Nikajisemea, cheupe kwa cheupe, nani atajua? Nikayamimina.

Alikula akaramba vidole. "Leo tui limekolea, mwanangu." Mie nikajitia kupanga vyombo.

Jumamosi jioni nikaenda kuungama kwa padri, kama ada yetu kabla ya komunyo. Akanipa zaburi ya toba, akaniondolea dhambi, nikatoka mwepesi kama pamba. Jumatatu nikamweleza Bibi yote, tena kwa furaha, kama mtu anayesimulia harusi. Nikamalizia, "Lakini usijali, Bibi, nshasamehewa."

Akauweka ungo chini. "Kasamehe nani?"

"Padri. Yaani Mungu, kwa kinywa cha padri."

"Huyo padri ndiye aliyekula?"

Nikainama nikaanza kutoa chuya zilizobaki ungoni.

"Kwetu," akasema, "ulilomkosea Mungu, mwombe Mungu. Ulilonikosea mimi, Mungu halisamehi mpaka uje kwangu kwanza. Na Yesu wenu si mtoto wa kwetu? Yeye hakusema hivyo?"

Kasema. Acha sadaka yako madhabahuni, nenda ukapatane na ndugu yako. Tangu udogo naisikia kanisani, nikidhani wanaambiwa wanaogombea mipaka ya shamba. Nikapiga magoti pale pale sakafuni. "Bibi, niwie radhi."

Akanishika bega. "Nimekusamehe. Inuka."

Kisha akakishusha chungu chenyewe kutoka rafu ya juu. Kilikuwa cha mamake, katoka nacho Aden kakipakata. "Kingekuwa cha shaba ningekitokosa kikatakata," akasema. "Udongo unakunywa, na huu ushakunywa. Kakivunje."

"Bibi, si umenisamehe?"

"Wewe nimekusamehe. Chungu hakijui kuomba radhi."

Nikakivunja uani kwa mchi. Nilipoinua macho, alikuwa dirishani kanipa mgongo.

Ijumaa iliyofuata nilikuta keshavunja nazi mwenyewe, kainusa, kaniwekea karibu na mbuzi ya kukunia. Akafanya hivyo kila Ijumaa mpaka alipofariki, na kila Ijumaa mie nakuna nazi ile kichwa chini. Sijapata kuadhibiwa vile na mtu aliyenisamehe.

Mjukuu wangu alikuwa kashaanza kunieleza habari za Agano la Kale na Jipya. Nikamkatiza. Nikamwambia, wewe ukishakuwa padri, mtu akija kuungama kwako, kabla hujanyoosha mkono muulize kwanza: nani aliyekula?