Mchanga wa Banka ya Nne

Wiki iliyopita nilipeleka gari kwa fundi kule Nzuguni. Walikuwa wamemwaga oili chafu juu ya mchanga nje ya gereji ili vumbi litulie, na jua lilikuwa limeshaipasha moto. Harufu ile ilinikuta sijajiandaa. Nilikaa kwenye benchi nikajifanya nasoma simu, kwa sababu mwanamke wa umri wangu akilia gereji, watu watadhani ni bei ya vipuri.

Kwangu mimi hiyo ni harufu ya baba yangu. Baba, Ramadhani kwa jina, alikuwa mtunza kiwanja cha gofu hapa Dodoma, enzi zile maduka yalipoanza kujaa sabuni za kila rangi baada ya miaka ya foleni, na mitumba ikaanza kuuzwa hadharani. Msifikirie gofu ya kwenye televisheni, yenye majani kama zulia. Maji ya kunywa yenyewe tulikuwa tunayagombea. Nani angemwagilia majani? Pale penye kitundu cha kutumbukizia mpira, Baba alitandaza mchanga uliochanganywa na oili chafu, akaushindilia na kuulainisha mpaka mpira ukawa unabingirika vizuri. Sehemu hizo waliziita brauni. Kwa hiyo alirudi nyumbani akinuka kama injini ya lori, na Mama alifua ovaroli lake peke yake, mbali na nguo zetu.

Lakini mapenzi yake hayakuwa kwenye brauni. Yalikuwa kwenye banka. Banka ni shimo pana lisilo na kina kirefu, limechimbwa makusudi na kujazwa mchanga mkavu, ili mpira ukiangukia humo mchezaji apate taabu kuutoa. Mama hakuwahi kuelewa. "Dodoma yote hii mchanga," alikuwa anasema, "halafu watu wazima na akili zao wanachimba shimo, wanatia mchanga mwingine." Baba alicheka, na kesho yake akaenda tena korongoni kuchekecha mchanga mweupe zaidi.

Mimi na mdogo wangu Sefu alitufundisha sheria za banka kama watoto wengine wanavyofundishwa kuhesabu. Fimbo isiguse mchanga kabla ya kuupiga mpira. Ikigusa, unaongezewa mipigo miwili. Jani au jiwe likiwa mbele ya mpira wako, liache hapo hapo, maana limeletwa na Mungu. Pakiti ya sigara, chupa, reki, hivyo vimeletwa na binadamu, unaweza kuviondoa. Na ukimaliza, chukua reki, rudi kinyumenyume, futa kila unyayo wako mpaka ukingoni. "Toka kama hukuingia," Baba alisema. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa kazi hiyo ya kurudi kinyumenyume nilikuwa hodari kuliko yeye mwenyewe. Sikuacha hata alama ya kidole, na nilijisikia sana kwa hilo.

Sefu alikuwa na miaka minne na alishika sheria moja tu, ile ya kwanza. Siku moja Bwana Hasmukh, katibu wa klabu, mtu mwenye duka la vyombo mjini, alikuwa ndani ya banka akijipanga kupiga, na fimbo yake ikagusa mchanga kidogo mno. Kutoka kwenye ua wa minyaa ikasikika sauti: "Kagusa!" Baba alitamani ardhi ipasuke. Bwana Hasmukh alisimama, akaitazama fimbo, akamtazama Sefu aliyekuwa kifua wazi na kaptura imemshuka, akasema, "Ni kweli, nimegusa." Akajiongezea mipigo yake miwili. Tangu hapo kila alipofika kiwanjani aliuliza kwanza, "Refa wangu yuko wapi leo?"

Sasa niwaeleze ile Jumapili. Wachezaji walikuwa wameshaondoka na Baba alikuwa amemaliza kupitisha reki kwenye banka ya nne, ile iliyojificha chini ya kingo ndefu mahali ambapo upepo wetu wa kiangazi haukufika. Sefu alikuja mbio akaruka ndani kwa miguu yote miwili. Akatua, akasimama vile vile kama aliyegandishwa, akatutazama kuona tutasemaje. Halafu akatembea hatua tatu, akaketi mchangani, akacheka. Baba alimkemea, lakini kwa ile sauti yake ya kukemea huku anacheka, akambeba begani. "Kesho utakuja kuzifuta nyayo zako mwenyewe," akamwambia.

Jumatatu Sefu aliamka na homa. Jioni ikampanda degedege, na Jumanne alfajiri akafia hospitali mikononi mwa Mama. Tulimzika siku ile ile alasiri, au niseme walimzika, maana sisi wanawake tulibaki nyumbani, na kitu cha mwisho nilichokiona ni jeneza likitoka mlangoni, jepesi mno, wanaume wakilipokezana haraka haraka. Hatukuwa na picha yake hata moja. Kila Idi Mama alisema tumpeleke studio, na kila Idi viatu vyake vilikuwa havijanunuliwa.

Ijumaa, matanga yalipokwisha, Baba alirudi kazini. Kuanzia siku hiyo katikati ya banka ya nne kulikuwa na karai la kubebea zege, limefunikizwa chini juu. Kila asubuhi niliyompelekea uji nilimwona akilifunua, akanyunyiza maji kidogo kwa vidole kama Mama anyunyizavyo nguo kabla ya kuzipiga pasi, akalifunika tena. Nilidhani amepanda kitu. Sikuuliza, kwa sababu nyumbani kwetu siku zile hakuna aliyemuuliza mwenzake chochote.

Reki haikuingia tena kwenye banka ile. Majani yakaanguka, mijusi ikapita, mchanga ukawa na sura ya uwanja wa stendi. Wachezaji wakaanza kunung'unika. Mmoja wao, mpira wake uliposimama karibu na karai, aliliondoa kama sheria inavyomruhusu, akaliacha pembeni, akaenda kulalamika kwamba mtunza kiwanja ameacha kazi kabla ya kufukuzwa. Baba alilirudisha karai mahali pake.

Mkumbuke siku zile zilikuwaje. Neno redandansi lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Baba wa rafiki yangu alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, na jirani yetu aliyekuwa karani alishaanza kuuza maandazi. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja wageni walikuwa wanatoka Dar es Salaam kwa mashindano, wafanyabiashara wapya wenye pikapu zinazong'aa, ambao klabu iliwategemea iweze kuendelea kuishi.

Siku moja kabla ya mashindano nilikuwa nasubiri bakuli la uji nyuma ya stoo ya vifaa nikamsikia Bwana Hasmukh akiongea na Baba.

"Ramadhani, kamati wamenibana. Wanasema kama banka ya nne haitengenezwi, watafute mtu mwingine."

"Nimekuelewa, bosi."

"Basi isawazishe. Leo."

Baba akasema, "Siwezi, bosi. Mkono unakataa."

Nilisikia Bwana Hasmukh akivuta pumzi. Sikungoja zaidi, nilikimbia nyumbani. Niliyoyasikia yalinitosha. Baba atafukuzwa kazi, na sababu ni kwamba mkono wake unakataa. Wangu haukuwa unakataa. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri kwa furaha kabisa, furaha ya kwanza tangu Jumanne ile.

Jumamosi Baba alitoka mara tu baada ya sala ya alfajiri, akaelekea mjini. Mimi nikapita njia ya nyuma nikiwa na kanga ya Mama mabegani kwa ajili ya baridi, nikachukua reki stoo, nikashuka kwenye banka ya nne. Nikaliinua karai.

Ningependa kuwaambia kwamba sikujua. Nilijua. Zilikuwa nyayo mbili zimekaa pamoja, pale aliporuka Sefu, mchanga umeshikana kwa yale maji ya kila siku, vidole vyote kumi vimetokeza, na kile kidole gumba cha kushoto kilichokuwa kimepinda kidogo kuelekea nje. Nilichuchumaa nikazitazama. Nilitia kidole changu kwenye alama ya kidole gumba, ilikuwa baridi. Kisha nikakumbuka sheria, nikakumbuka kamati, nikasimama.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilianzia upande wa juu, nikavuta reki taratibu kwa mistari iliyonyooka, nikarudi kinyumenyume nikifuta na zangu. Nilipofika ukingoni banka ilikuwa imelala kama shuka iliyotandikwa sasa hivi. Sijawahi kusawazisha mchanga vizuri kama siku ile, wala kazi yoyote tangu hapo.

Nilikuwa bado nimeshika reki walipotokea Baba na Bwana Hasmukh. Baba alikuwa na debe la chokaa, Bwana Hasmukh brashi. Nilimwamkia Bwana Hasmukh, "Shikamoo," naye hakuitikia. Baba alilitazama karai pembeni. Akautazama mchanga. Debe likashuka polepole mpaka chini.

"Nani kasawazisha?"

"Mimi, Baba. Ili wasikufukuze."

Bwana Hasmukh aligeuka akatazama minyaa, akavua miwani. Baba alikuja mpaka nilipo, akaniwekea mkono kichwani, mkono unaonuka oili, na ulikuwa mzito kuliko kawaida. "Umefanya vizuri, Zuhura mwanangu," akasema. "Hapana alama hata moja. Sasa nenda ukanywe chai."

Sikwenda. Nilikaa juu ya kingo, nikawaona wakinong'ona, kisha wakachovya brashi na kuchora mstari mweupe kuizunguka banka nzima. Nikadhani ni pambo la mashindano. Siku ile mipira mitatu iliangukia ndani, na kila mara mchezaji aliutazama ule mstari, akauchukua mpira wake kwa kuinama kutoka ukingoni au kuuvuta kwa fimbo, akauangushia nje bila kukanyaga. Jioni mchanga ulikuwa bado kama nilivyouacha. Nilirudi nyumbani nikijigamba, nikamsimulia Mama yote, hata kidole gumba. Mama aliacha kupepeta mtama. Aliweka ungo chini, akaingia chumbani, akafunga mlango, na mimi nikadhani ni uchovu.

Kazi ya Baba ilidumu miaka mitatu zaidi, mpaka klabu yenyewe ilipokufa na ardhi ikapimwa viwanja vya nyumba. Aliishi muda mrefu baada ya hapo, akalima zabibu kidogo kule Makutupora, akawabeba wanangu begani. Tulizungumza kuhusu gofu mara nyingi. Kuhusu asubuhi ile, kamwe.

Alipofariki, Bwana Hasmukh alikuja msibani, mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Aliketi karibu nami akaanza kuzungumza akidhani nayajua yote. Aliniambia kwamba ile Ijumaa ya kuamkia mashindano, baada ya Baba kusema mkono unakataa, Baba alimpeleka akamfunulia karai. Wakaketi wote wawili mchangani. Ndipo akakumbuka kwamba sheria za gofu zina nafasi: sehemu yoyote katibu akiizungushia mstari mweupe inahesabika kuwa iko kwenye matengenezo. Mpira ukiingia unatolewa bila adhabu, na akaandika ubaoni kwamba mtu asikanyage. Wangeweza kuiacha hivyo miezi, kamati isiwe na la kusema. Asubuhi ile walikuwa wametoka dukani kwake kuchukua chokaa.

Nilimuuliza kwa nini basi waliuchora, ikiwa hakukuwa tena na kitu cha kulinda.

"Hata mimi nilimuuliza," akasema Bwana Hasmukh. "Nikamwambia, Ramadhani, mstari wa nini tena? Akanijibu, chora tu bosi, watu wasije wakamkanyagia Zuhura kazi yake."

Nilimkasirikia Baba usiku ule, na yeye hata arobaini yake haijafika. Nilitamani angenipiga. Nilitamani angepiga kelele siku ile ile pale ukingoni, nikue nikijua nilichomnyang'anya, nimwombe msamaha angali ana masikio ya kunisikia. Hasira imepungua sasa, ila haijaisha. Nimekwisha kuwa mzazi, na bado sijui kama ningeweza: kusimama mbele ya mchanga ule mtupu, muda mfupi tu baada ya kuuona, na kupata sauti ya kumwambia mtoto aliyebaki kwamba amefanya vizuri.